Wiki Tano Katika Karatasi za Wajane

Mmenitaka niandike ya kazini, nyinyi watatu mliobaki kwenye meza zetu, nami nimekubali kwa sababu moja tu: sina la kufanya. Huu ni mwezi wa pili wa kustaafu. Kabati la viungo nimeshalipanga mara nne, wanangu wameniomba kwa adabu nisiwapigie simu saa za kazi, na Jumapili iliyopita nilijikuta nimevaa, nimewasha gari na nimefika Khuwair ndipo nikakumbuka kuwa sina ofisi ya kwenda. Nilinunua mkate nikarudi. Mkate wenyewe nyumbani ulikuwepo.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kiarabu nimekifanyia kazi miaka thelathini na tatu, na nikikiandika sasa hakitoki ila na "kwa kuwa" na "kwa mujibu wa" nyuma yake. Kiswahili ni cha nyumbani, mama yangu alikuja nacho kutoka Unguja pamoja na mbuzi wake wa kukunia nazi, na mpaka leo ndicho ninachogombea na kuchekea. Basi nisomeni kama mlivyokuwa mkinisikia kwenye jiko letu dogo la ofisi nikisubiri maji yachemke. Ya vyeo sitayagusa. Aliyepanda alipanda, na aliyebebwa anajijua.

Kazi yetu nyinyi mnaijua, lakini najua mtawapa na wengine wasome, kwa hivyo niieleze. Hakimu akiletewa karatasi kongwe, ya mirathi, wasia, wakfu au hiba, na watu wakabishana karatasi hiyo ni kitu gani hasa, hutuletea sisi. Tunaisoma, tunaandika rai ya kurasa mbili tatu, tunatia jina chini, tunairudisha. Hatuhukumu. Tulikuwa tukipenda sana kulisema hilo, kwamba sisi hatuhukumu, kama mpishi anayesema yeye hali, anaonja tu.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Ustadh Sleyum, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa Tabora, wa zile familia zilizorudi Omani kutoka bara, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mimi wa Unguja nilikiona kizito, yeye changu alikiona cha kudeka. Alikuwa na meza mbili na kiti kimoja, na kiti amekikalia.

"Kiti utapewa ukishajua kusoma," aliniambia.

"Nna shahada, Ustadh."

"Nimeiona. Wameipiga chapa vizuri."

Akanipa kioo cha kukuzia na penseli, akachukua kalamu yangu ya wino akaitia mfukoni mwake, na mpaka anakufa hakunirudishia. Wino karibu na karatasi kongwe kwake ulikuwa sawa na kiberiti karibu na petroli. Wiki tatu nilisoma nimesimama. Nilimchukia kwa dhati. Lakini miguu ikiuma, mtu husoma ili amalize, na mtu anayesoma ili amalize hukosea mbele ya macho ya mwalimu wake, kwa hivyo alinikamata kila siku. Alikuwa ananijua kabla sijajijua: mimi si mtu wa kutulia. Mama alikuwa akiniita kiroboto. Nikishika jambo nataka mwisho wake, na mwisho nikiuona, katikati naruka.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Matrah. Ndugu wawili waligombania nyumba, mmoja ana karatasi ya nyumba, wa pili ana karatasi ya dari, yaani juu ya paa. Niliandika rai safi kabisa kwamba dari hufuata nyumba. Ustadh Sleyum aliisoma, akavaa kofia yake, akasema twende. Ilikuwa mwezi wa sita, jua la kukaanga yai. Tulipita vichochoroni tukafika, tukazunguka nyumba nzima, na ngazi ya kwendea darini ikawa haimo ndani ya nyumba. Imo nyumba ya jirani, na imechakaa kwa miguu ya miaka mingi. Ile dari ilikuwa ikitumiwa na watu wengine tangu babu zao, kwa hivyo haikuwa ikiifuata nyumba.

"Faili halina ngazi," alisema, akifuta jasho. "Ndiyo maana Mungu alikupa miguu."

Nilifuta rai yangu nikaandika nyingine, na siku ya pili nikakuta kiti mezani kwangu. Tangu hapo nikawa mwendaji. Barka, Sohar, Ibra, popote penye karatasi yenye nyumba nilikwenda kuiona nyumba, na kwa kutotulia kwangu hilo lilinifaa. Miaka ikapita hivyo. Ustadh akastaafu, akafa, mimi nikawa mkubwa wa chumba, na wakubwa wa chumba, kama mnavyojua, huanza kutuma vijana wakaangalie ngazi.

Sasa nije kwenye safari, ambayo ndiyo mnayoniulizia kila siku, maana mlisikia nusu yake.

Miaka minne iliyopita nilipata nafasi ya wiki sita za utafiti Marekani, kwenye maktaba moja ya mji mdogo wa kaskazini, kusoma karatasi za mahakama zao za mwanzo, za wakati dola yao ilipokuwa changa. Msinicheke. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wajane wa huko, zama hizo, wakipata theluthi ya nyumba na ardhi ya mume. Theluthi! Sisi mjane akikuta watoto ana thumni, moja ya nane. Ikanikaa kichwani. Nilitaka kuzisoma zile karatasi kwa macho yangu, nihesabu, niandike makala ya kulinganisha, nirudi nayo nije kuwachokoza mashekhe wetu kidogo. Niliomba, na wale watu wakanikubalia. Nadhani hawajawahi kuona ombi la mwanamke wa Maskati juu ya wajane wao.

Siku tisa kabla ya safari, faili la kijiji cha Yiti likatua mezani.

Bi Nasra, mjane, mzaliwa wa Wete, Pemba. Aliolewa ukubwani na mtu wa Yiti, Khalfan, aliyekuwa na wana watatu watu wazima kwa mkewe wa kwanza aliyefariki. Yeye hakujaaliwa mtoto. Khalfan alipokufa, wana walitaka nyumba ya Yiti iuzwe, kila mmoja achukue fungu lake na mjane thumni yake, aende zake. Mjane akatoa karatasi ya mistari sita, ya mkono, yenye mashahidi wawili: Khalfan amemkalisha mkewe Nasra nyumba hiyo maisha yake, na asisumbuliwe na mtu. Wana wakasema huo ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenzake waridhie, nao hawaridhii. Hakimu akauliza: karatasi hii ni nini?

Mume, mke, nyumba, karatasi, mauti. Mtu aliyekaa miaka ishirini na tisa kwenye mirathi akiviona vitu hivyo vitano pamoja, jibu humjia lenyewe. Karatasi ilikuwa na tarehe ya miaka minne kabla ya mauti. Niliiona, niliinakili hata kwenye rai yangu, lakini watu huandika wasia miaka mingi kabla hawajafa, kwa hivyo haikunishtua. Niliandika adhuhuri moja: ni wasia kwa mrithi, haupiti. Nikatia jina. Yiti si mbali, chini ya saa moja kwa gari. Sikwenda, wala sikumtuma mtu. Nilikuwa nahangaika kutafuta viatu vya theluji, na Maskati viatu vya theluji si vitu vya kuokota njiani.

Maktaba ile ilikuwa kimya mpaka masikio yananiuma. Sheria zao Ustadh Sleyum angezipenda: penseli tu, begi nje, koti nje, karatasi moja moja kwenye mto wa sponji. Mkuu wa chumba cha kusomea alikuwa bibi wa makamo yangu, Ruth, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani. Alinipa sanduku la kwanza la karatasi kwa mikono miwili, kama anayempokeza mtu mtoto mchanga. Tulielewana siku hiyo hiyo.

Kukaa ndiko kulikonishinda. Nusu saa nasoma, nainuka, nazunguka chumba, natazama theluji dirishani, narudi. Watafiti wengine walikuwa wakikaa tangu asubuhi mpaka kufungwa hawajakohoa. Ruth aliniambia mimi ndiye mgeni wa kwanza kumchakazia zulia lake kwa miguu. Alinipa chumba cha makoti niswalie, na hata huko nilikuwa naswali huku nahesabu wajane.

Maana kuhesabu nilihesabu. Kila faili la marehemu nililifungua moja kwa moja kwenye neno theluthi, nikalitia kwenye jedwali langu: jina la mjane, mji, theluthi yake, ukubwa wa ardhi. Mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa na jedwali refu la kupendeza, na mistari miwili ya makala imeshajiandika kichwani: wao walimmilikisha mjane theluthi, sisi thumni. Nilimpelekea Ruth aone. Nilitaka kusifiwa, niseme kweli.

Alilisoma taratibu, akashusha ile miwani ya kichwani akalisoma tena.

"Safu hii umeandika milki," alisema. "Nani kakwambia ni milki?"

"Theluthi yake. Fungu lake. Imeandikwa."

Aliinuka akaenda ndani, akarudi na karatasi moja, pana, iliyokunjwa mara tatu. Mahakama ilikuwa imewatuma wanaume watano waende nyumbani kwa marehemu wamkatie mjane, jina lake Abigail, theluthi yake. Nao walikwenda kweli, wakatembea nyumba nzima. Wakampa chumba cha chini cha upande wa mashariki, na chumba kidogo juu yake, na theluthi ya ghala la chini ya ardhi. Wakampa ruhusa ya kupita jikoni kwenda kisimani. Wakampa ruhusa ya kutumia tanuri kuokea mkate wake. Yote yameandikwa, hata upande gani wa ua apitie.

"Unaona?" Ruth alisema. "Mtu mwenye milki haandikiwi ruhusa ya kupita jikoni. Akifa, vyote hivi vinarudi kwa watoto wa mume. Hakuwa na hata tofali moja la tanuri lile. Hakuweza kuuza wala kumwachia mtu."

"Basi alikuwa na nini?"

"Alikuwa amekaa. Hakuna wa kumtoa mpaka afe. Ndiyo haki yake nzima." Kisha akaniuliza swali jepesi tu, kama mtu anayeuliza wakati: "Kwenu hamna kitu kama hicho, mtu kupewa kukaa bila kupewa nyumba?"

Kwetu kipo, kwa jina lake na milango yake vitabuni. Mtu akiwa mzima humkalisha mwenziwe nyumba, akamkabidhi, naye akaipokea na kukaa. Hiyo haingoji mauti, kwa hivyo si wasia, na warithi hawana la kuridhia wala kukataa. Linalobaki kujua ni moja: je, alikabidhiwa kweli yule mtu, mwenyewe angali hai? Na neno lililokuwa kwenye karatasi ya Yiti lilikuwa "amemkalisha." Halikuwa "nikifa akae." Mimi nililisoma kwa macho yangu mawili, likapita.

Nilitoka nje bila koti. Nilizunguka lile jengo mara tatu kwenye theluji, nikilia na kujitukana kwa lugha zote nizijuazo, na nyani haoni kundule, ndiyo kwanza nimekuja bara la watu kuwasahihishia wajane wao.

Nilimtumia ujumbe wa sauti Badriya, aliyekuwa msaidizi wangu, ambaye leo ndiye mkubwa wenu. Nilimwambia alikamate lile faili la Yiti lisiendelee. Jibu lake nililisikiliza nimesimama penye makoti.

"Ya Rayya, umechelewa, wallahi. Rai yako ilisomwa mahakamani wiki iliyopita. Yule bibi hakubisha neno. Kasema kama wataalamu wameona hivyo, khalas. Katia saini sulhu na wale wana, kachukua thumni, kahama. Yupo Khuwair ya Kusini kwa mtoto wa dada yake. Kwani kuna nini?"

Nilisikiliza mara ya pili, nadhani nikitumaini atasema kitu kingine. Wiki tatu zilizobaki zikawa mbili, maana nilibadilisha tikiti. Ilibidi kabla ya kuondoka nizungumze mbele ya watafiti wenzangu, ndiyo desturi yao. Watu tisa na sahani ya biskuti. Niliwaonyesha jedwali langu, nikawaambia safu ya nne ni uongo kutoka juu mpaka chini, na nikawaeleza jicho gani liliuandika. Walipiga makofi, wakasema ndiyo mazungumzo bora ya msimu. Sikufurahi hata kidogo. Ruth alinisindikiza mlangoni akanipa nakala ya karatasi ya Abigail, nami nimeitundika nyumbani karibu na jokofu.

Nilipofika Maskati sikupumzika. Siku ya pili nilikuwa Khuwair, ghorofa ya tatu, nagonga. Bi Nasra alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, wa miaka sabini na kitu, kakaa ukingoni mwa sofa, na begi lake liko pembeni yake limefungwa. Wiki tatu alikuwa hapo na begi hajalifungua.

"Karibu, mwanangu. Mimi hapa mgeni kama wewe," aliniambia. "Nnakaa kama abiria."

Nilimwambia natoka ofisi inayosoma karatasi. Sikumwambia kuwa rai ile ni yangu. Nilikusudia kumwambia, wallahi nilikusudia, lakini nilipoliona lile begi nikaanza na swali badala yake.

"Bi Nasra, ilipoandikwa ile karatasi, marehemu alikuwa akikaa wapi?"

"Khalfan? Alikuwa Matrah kwa mwanawe mkubwa. Figo, mwanangu. Mara tatu kwa wiki hospitali, Yiti atakwenda na kurudi vipi? Siku ile ile ya karatasi kanipa funguo zote, hata ya stoo ya nyavu. Kaniambia, Nasra, nyumba yako hii mpaka ufe, mimi mgeni wako. N'kadhani maskhara."

"Kisha?"

"Kisha akija Alkhamisi anapiga hodi. Mlangoni kwake! Nnamwambia, we mzee, ingia, unanitia aibu kwa majirani. Hataki. Anasimama juani, anashika fimbo yake, mpaka nimwambie karibu. Miaka minne hivyo. Wanawe wakimcheka."

"Mahakamani uliyasema haya?"

"Nani kaniuliza? Walisoma tu."

Niliandika yote kwa penseli. Kesho yake nilikwenda Yiti, hatimaye. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya. Majirani wawili, mmoja wao shahidi wa karatasi yenyewe, walinihadithia habari ya hodi kabla sijawauliza, na jirani wa pili akanionyesha hata mahali Khalfan alipokuwa akisimama, akiegemea ukuta kivuli kikimkimbia. Mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mbele ya mtaa mzima miaka minne ameshakabidhi. Hakuna kitabu kitakachonikatalia hilo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye kazi. Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema na mwoga, na alinipenda. Nilipomwambia nataka kuiondoa rai yangu, alifunga mlango.

"Ya Rayya, andika ufafanuzi wa ziada. Ofisi haikosei. Ofisi hufafanua."

"Ofisi haikukosea. Mimi nimekosea."

"Ukiliandika hilo neno, mawakili watafungua kila rai uliyotia jina tangu ujana wako."

"Wafungue."

Nilisema wafungue kwa sauti ya mtu shujaa, kisha nikaenda chooni nikakaa robo saa. Ufafanuzi ulikuwa hautoshi, na yeye alilijua hilo kama mimi. Sulhu imeshatiwa saini, na hakimu havunji sulhu kwa sababu ofisi imependa kufafanua. Huivunja akiona kwamba yule aliyekubali alikubali kwa kuwa aliambiwa jambo lisilo kweli. Kwa hivyo ilibidi mtu aandike kuwa lile halikuwa kweli, na kwamba ni yeye aliyelisema. Niliandika: nilikosea, sikuuliza nani alikuwa akikaa, wala sikwenda kuona. Mkuu aliitia muhuri bila kunitazama, na mpaka anahama hakurudi kunywa chai na mimi.

Mawakili walifungua, kama alivyosema. Rai zangu mbili za zamani ziliitwa tena. Moja ilisimama. Ya pili haikusimama, na wale watu walikuwa wameshauza na kutawanyika, hakuna cha kurudisha. Hiyo siielezi hapa. Inatosha mjue ipo, na kwamba mlipokuwa mkiniona nainuka kwenye mkutano bila sababu na kwenda dirishani, ndiyo niliyokuwa nikiitazama.

Kesi ya Yiti ilichukua miezi minane tangu siku Bi Nasra alipohama. Wana walipinga, kisha yule mkubwa, aliyemweka baba yake Matrah, alisimama mahakamani akasema kweli, baba alikuwa akibisha hodi, na wao walikuwa wakicheka. Sijui kilimgusa nini. Hakimu akaamua: nyumba ni ya warithi, na Bi Nasra atakaa humo maisha yake asisumbuliwe. Yale maneno ya karatasi, hasa. Kufuli likatolewa.

Nilimwacha wiki mbili atulie, kisha nikaenda kumtembelea. Alikuwa ameshafagia ua, ameshapanda mrehani kwenye makopo, na lile begi silioni. Aliniwekea kahawa na tende, akanikalisha mkekani karibu na dirisha, akaingia ndani akatoka na bahasha.

"Nna shida, mwanangu. Nisomee hii. Mimi Msahafu nnausoma, lakini hizi za serikali hazina irabu, zinanishinda."

Nilidhani ni hukumu. Nilipoifungua nikakuta nakala ya rai ya kwanza, ile yangu ya adhuhuri moja.

"Bi Nasra, hii imeshafutwa. Ya nini tena?"

"Nnajua imefutwa, si nimo ndani? Nisomee tu. Walinitoa kwa karatasi hiyo na sijui imesema nini."

Nikamsomea. Kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari, kama mlivyokuwa mkiniona nikifasiri. Kwa kuwa, na kwa mujibu wa, na kwa hivyo haupiti. Kurasa mbili. Alisikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa. Nilipofika mwisho nilianza kuikunja.

"Jina la aliyeandika halipo?"

"Lipo."

"Lisome."

Nilisoma jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, kama lilivyopigwa chapa. Bi Nasra alinitazama, si kwa hasira, kama anayenilinganisha na kitu.

"Ndo wewe."

"Ndo mimi."

"Na siku ile Khuwair ulikuwa unajua."

"Nlikuwa najua. Niliogopa."

Alichukua ile karatasi mkononi mwangu akaikunja mwenyewe, vizuri, akairudisha kwenye bahasha.

"Miezi yote ile, kila nikisali, nnasema, Mola wangu, yule aliyenitoa nyumbani kwangu mimi n'shamsamehe. Ilikuwa rahisi, maana simjui. Sasa n'shamjua." Akavuta dele la kahawa, akanijazia kikombe. "Sasa itabidi nianze upya."

Nimeendelea kwenda Yiti. Ananikaribisha vizuri, ananiuliza wanangu, ananipa mrehani nirudi nao. Kama amefika mwisho wa kunisamehe hajaniambia, na mimi, niliyekula mshahara wa kuuliza watu maswali kwa miaka thelathini na tatu, hilo sijathubutu kumuuliza.